Ukikwama, Sema: Mwenendo wa Mwanachama wa Klani kwenye Clash of Clans

REHEMA: Karibuni. Leo tunazungumzia mwenendo wa mwanachama ndani ya klani, yaani kundi la wachezaji wanaopigana vita pamoja. Tunashika mchezo mmoja tu, Clash of Clans, kwa sababu kosa la mtu mmoja mle ndani linahesabika kwa namba.

IDRISA: Mchezo huu wa kampuni ya Supercell ya Finland ulitoka 2012, na vita vya klani vikaingia 2014. Klani moja inabeba watu 50 mwisho. Vitani mnaingia wachache, labda 10 au 15, na kila mtu ana kijiji chake cha kulinda na mashambulio 2. Hayo mawili ndiyo deni lako kwa wenzako.

REHEMA: Tupige hesabu ya vita ya 10 kwa 10. Mna mashambulio 20, na nyota za kutafuta ni 30, yaani tatu kwa kila kijiji cha adui. Watu watatu wakinyamaza, sita yamekwenda na maji. Mnabaki na 14. Kumi ni ya kupiga kila kijiji mara moja, kwa hiyo ya kurekebisha yanabaki manne badala ya kumi.

IDRISA: Ndiyo maana nasema mchezaji dhaifu anayepiga na kupata nyota moja ana faida kuliko fundi aliyelala. Huyo dhaifu ameshaonyesha mitego iko wapi na ngome ya adui, lile jengo la kuweka askari waliochangwa na wenzake, imeficha askari gani. Anayefuata anaingia macho wazi.

REHEMA: Sasa tuseme mwanachama afanye nini. La kwanza, ile alama ya kijani na nyekundu kwenye wasifu wako inayosema uko tayari kwa vita au la. Una mtihani, una msiba, unasafiri kwenda mahali mtandao unasuasua, weka nyekundu kabla kiongozi hajaanza kutafuta mpinzani. Orodha ikishafungwa, hakuna wa kukuziba nafasi.

IDRISA: Na wengine wanadhani wakitoka kwenye klani katikati ya vita wameirahisishia. Hapana. Kijiji chako kinabaki kwenye ramani, adui anakipiga kama kawaida, ila mashambulio yako hayatumiki. Viongozi nao walishike hilo: usimtoe mtu kwa hasira vita ikiendelea, maana unatupa mashambulio yake kwa mkono wako mwenyewe. Subiri iishe.

REHEMA: La pili ni kuweka nafasi, yaani kutangaza kijiji utakachopiga. Vijiji vina namba, na namba 1 ndicho chenye nguvu zaidi. Usiandike tu "nachukua namba 7" halafu ukapotea kwa muda wa saa kumi. Kijiji kinakaa bila kuguswa, wenzako wanakuheshimu, muda unayoyoma. Ujumbe unaofaa ni mfupi na una mwisho wake: "Namba 7 ni yangu. Nisipopiga mpaka zibaki saa 6, chukueni."

IDRISA: Hapo kwenye "zibaki saa 6" naomba tukae kidogo, dada. Sisi tunahesabu saa kwa Kiswahili. Mtu akiandika "napiga saa 2", mmoja anaelewa saa mbili usiku, mwingine anaangalia simu yake inayosoma 20:00 na kudhani 2 ni saa nane usiku. Ongeza wanachama walio mbali. Saa 4 usiku ya Dar es Salaam na Nairobi ni saa 5 Muscat, na ni saa 3 Lubumbashi. Mchezo wenyewe unaonyesha muda uliobaki, na muda huo ni mmoja kwa kila mtu duniani. Tumieni huo.

REHEMA: Kiongozi naye aangalie vita itaisha saa ngapi. Maandalizi ni karibu siku nzima, mapigano ni saa 24. Ukianza kutafuta mpinzani saa 10 alfajiri kwa sababu wewe huna usingizi, saa za mwisho za vita zitaangukia usiku wa manane, na zile ndizo saa za usafi, za kurudia vijiji vilivyobaki na nyota moja au mbili.

IDRISA: Halafu kuna tabia inayoua klani polepole: mkubwa kuokota nyota za chini. Namba 2 wenu anapiga namba 14 wa adui, anapata nyota tatu kilaini, anafurahi. Lakini namba 14 wenu alikuwa na kijiji hicho tu anachokiweza. Sasa amebakiwa na namba 6, anaingia, anapata sifuri. Kinachohesabiwa ni nyota mpya tu. Kijiji chenye mbili, wewe ukipata tatu umeongeza moja.

REHEMA: Kwa hiyo shambulio la kwanza piga wa namba yako, au wa chini yake kidogo kama namba yako imekuzidi. La pili liweke kwa ajili ya usafi, lakini lisingoje mpaka saa 2 za mwisho. Umeme ukikatika wakati huo, basi.

IDRISA: Tuje kwenye simu yenyewe, maana mwenendo mwema unaanzia hapo. Ukishashusha askari wa kwanza, shambulio limehesabiwa. Mtandao ukikatika sekunde ya 40, hurudishiwi. Shambulio moja ni dakika 3 tu, kwa hiyo zilinde. Angalia bando halikaribii kuisha muda. Chaji iwe juu ya asilimia 20. Washa hali ya usinisumbue, kwa sababu simu ikiingia inafunika skrini na mashujaa wako wanabaki bila mtu wa kubonyeza uwezo wao.

REHEMA: Kuchangia askari kwenye ngome sasa. Anayeomba aandike anachotaka, asiache ombi tupu halafu akalalamika kaletewa wapiga mishale. Anayetoa atoe kilekile kilichoombwa. Huna? Pita, mwachie mwenzako. Ukijaza ngome kwa askari wasioendana na mpango wake, umemharibia shambulio kabla hajaanza.

IDRISA: Na ngome za ulinzi zijazwe siku ya maandalizi, kuanzia vijiji vya juu kushuka chini. Siku ya mapigano si siku ya kukumbuka kwamba namba 1 yuko mtupu.

REHEMA: Ligi ya vita vya klani ina ugumu wake. Klani 8 kwenye kundi, vita 7, siku moja moja, na kila mtu ana shambulio 1 tu kwa siku. Hakuna la usafi. Kwa ligi ya watu 15, andikisheni 18 au 20, ili asubuhi mmoja akisema anaumwa, kiongozi ambadilishe kwenye vita ya kesho iliyo kwenye maandalizi. Ligi ikianza, huwezi kuleta mtu wa nje kuziba pengo.

IDRISA: Ugomvi mkubwa wa ligi ni zile medali za ziada ambazo kiongozi anagawa kwa mkono. Akizigawa kwa rafiki zake, wiki hiyohiyo anapoteza wachezaji watatu wazuri. Kigezo kitangazwe kabla ya siku ya kwanza. Mimi napendelea hiki: aliyepiga siku zote 7 bila kukosa anatangulia, kisha idadi ya nyota, na aliyepata mwezi uliopita anasubiri.

REHEMA: Siku zote alizopangwa, tuseme hivyo. Usimnyime aliyepumzishwa na kiongozi mwenyewe.

IDRISA: Kweli, umenisahihisha. Alizopangwa.

REHEMA: Wikendi ya uvamizi wa mji mkuu wa klani, ambapo klani nzima inavamia miji mikuu ya klani nyingine wilaya kwa wilaya, inaanza Ijumaa saa 4 asubuhi kwetu Afrika Mashariki, inaisha Jumatatu saa hiyohiyo. Una mashambulio 5, na la sita unalipata ukimaliza wilaya. Uharibifu wa mwenzako unabaki pale alipoachia, kwa hiyo malizia wilaya iliyoanzwa kabla ya kufungua mpya.

IDRISA: Lugha kwenye chati. Matusi hapana, ya kabila hapana, na utani juu ya mtu aliyepata sifuri usubiri hata saa moja. Angalia marudio ya shambulio lake, kisha sema kitu anachoweza kukirekebisha. "Umeharibu" haimsaidii. Sema: "Wavunja ukuta umewashusha kabla ya majitu. Mizinga haikuwa na mtu mwingine wa kumpiga, ikawamaliza wakiwa njiani. Tanguliza majitu wawili, hesabu mpaka tatu, ndipo wavunja ukuta waingie." Kesho yake atajaribu hivyo.

REHEMA: Akaunti je? Naona watu wanapeana, "nipigie, mimi niko kazini."

IDRISA: Kushiriki, kununua na kuuza akaunti ni kinyume cha masharti ya Supercell, na akaunti inaweza kufungiwa. Miaka ya jasho inapotea. Afadhali ukose shambulio na useme umekosa.

REHEMA: Na vyeo. Mzee anaweza kupokea watu na kumtoa mwanachama wa kawaida. Naibu anaanzisha vita na anaweza kuwatoa wazee na wanachama wote. Mpe unaibu mtu wa wiki mbili, siku akikasirika mnaamka klani imebaki na watu wanne.

IDRISA: Uzee mpe aliyemaliza vita 8 bila kukosa shambulio. Unaibu, miezi mitatu, na muwe mmeshamwona akishindwa vibaya mara moja. Hapo ndipo mnajua anaongeaje.

REHEMA: Na aliyekosa mashambulio?

IDRISA: Akitoa taarifa, hana kosa. Asipotoa, vita moja anakaa nje. Akirudia, anashushwa cheo. Mara ya tatu anaondoka, baada ya vita kuisha, na anaandikiwa sababu kwa heshima kabla ya kutolewa. Mlango usifungwe kabisa. Akirudi mwezi ujao akaeleza, anaanza upya kama mwanachama wa kawaida.

REHEMA: Wiki ijayo tutachukua vijiji vya ulinzi, mpangilio wa kuta na mitego. Asanteni kwa kusikiliza.