Kukagua nyaya za swichi ya ufunguo kwenye injini ya boti

Ndugu watazamaji, leo tuko ufukweni hapa Goma, kwenye boti yenye injini ya Yamaha ambayo ufunguo ukizungushwa haitoi sauti yoyote. Wengi hukimbilia kununua swichi mpya. Nawasihi mpime kwanza, kwa sababu mara nyingi ubovu huwa kwenye viungo vya nyaya, na injini inayozimika katikati ya Ziwa Kivu upepo ukivuma huwaweka abiria wote hatarini.

Fungeni boti kwa kamba, mweke gia katikati, kisha mfungue kifuniko cha injini ili mvuke wa petroli utoke. Betri iliyojaa huonyesha takribani volti 12.6, ikiwa chini ya 12, ichajiwe kabla ya lolote.

Nyuma ya swichi, waya mwekundu huleta umeme wa betri, wa njano huupeleka kwenye vipimo, wa kahawia huamuru stata, yaani mota inayozungusha injini ili iwake, na mweusi ni wa ardhi. Watengenezaji wengine wana rangi zao, kwa hiyo mfuate mchoro wa injini yenu. Pimeni volti kwa multimeta, kifaa cha kupimia umeme, kati ya mwekundu na mweusi. Msipopata volti, kagueni fyuzi ya injini pamoja na plagi kubwa ya nyaya. Volti zikiwepo lakini zikaporomoka mnapozungusha ufunguo, na betri ni nzima, tafuteni kiungo chenye kutu.

Sasa tenganisheni betri, mchomoe plagi ya swichi, na mweke multimeta kwenye mlio, inayolia sehemu mbili zikiwa zimeungana. Ufunguo ukishikiliwa kwenye nafasi ya kuzungusha stata (START), mwekundu, wa njano na wa kahawia lazima viungane. Vikiungana na stata bado iko kimya, rudisheni plagi na betri, kisha mfuate waya wa kahawia hadi kwenye rilei, swichi ya umeme inayoipa stata nguvu, kwa kuwa njiani hupita swichi ndogo inayozuia injini kuwaka ikiwa ndani ya gia.

Waya mweupe ndio unaowapoteza mafundi wengi, kwani kazi yake ni kuzima: ukigusana na mweusi, cheche hukatika. Kwa hiyo stata ikizunguka bila cheche, huenda mweupe umechubuka na kugusa chuma, au kamba ya usalama, ile ambayo ikivutwa huzima injini, haikubanwa mahali pake. Injini ikikataa kuzimika, huenda mweupe umekatika. Msiuguse kamwe kwa umeme wa betri, kwa maana mtaunguza kifaa cha kielektroniki kinachotengeneza cheche, nacho ni ghali kuliko swichi.

Maji ya Kivu si ya chumvi, lakini mtikisiko na unyevu hulegeza waya uliosokotwa kwa mkono na kufungwa utepe tu. Ubaneni kwa kiungo cha shaba na mfunike kwa mpira unaosinyaa kwa joto.

Mwishowe, injini ikiwa majini, iwasheni na kuizima kwa ufunguo, kisha mrudie, safari hii mkiizima kwa kuvuta kamba ya usalama. Msipakie abiria mpaka njia zote mbili ziizime.