Meseji ya Corralitos haiishii pale mnapoishia

Haya wazee wangu, kina mama, vijana, nianze na Corralitos tena, najua kuna mlioisikia kwangu lakini kila ardhi ikitikisika mahali meseji ile ya kwamba mashine ya sumaku ilijua tetemeko kabla halijaja inarudi kwa simu ikiwa nusu.

Oktoba 1989, California. Fraser-Smith, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, ana mashine ya kupima sumaku mahali paitwapo Corralitos, kilomita 7 tu kutoka kitovu cha tetemeko la Loma Prieta. Wiki mbili hivi kabla, mawimbi ya sumaku ya chini kabisa, yale ambayo wimbi moja lachukua kama sekunde 100 kukamilika, yakaanza kupanda, halafu masaa matatu kabla yakapanda vibaya sana, ndipo tarehe 17 likapiga tetemeko la ukubwa wa 6.9. Mtu akisoma hivyo lazima ashtuke, na meseji yakomea hapo!

Haisemi kwamba 2009 watafiti kina Thomas, Love na Johnston walifungua data zote za ile mashine, miezi 21, na daftari la kituo pia, wakalinganisha na vipimo vya Fresno, mji mwingine wa California, na vya Japani. Wakakuta mashine ilibadilika hivyohivyo hata siku nyingine mbali kabisa na tetemeko, wakasema ni hitilafu ya mashine yenyewe. Mtafiti mwingine, Campbell, mwaka huohuo akasema ni michafuko ya kawaida ya sumaku ya dunia. Sasa hapa Malindi mtu mmoja akisema kauona mwezi, si twapiga simu Lamu kuuliza na wao wameuona? Mbona kwa mashine moja hatuulizi?

Mtaniambia Marekani wanaficha. Wafiche nini? Parkfield, hukohuko California, walijaza vifaa miaka na miaka wakingojea tetemeko, 28 Septemba 2004 likaja la 6.0, vipimo vya sumaku kabla yake havikuonyesha kitu.

Na mwaka huohuo, Desemba 26, tetemeko likapiga Sumatra, Indonesia, likaleta tsunami, sisi tulikuwa na masaa kama manane tisa kabla maji hayajafika huku, watu wakaambiwa watoke ufuoni wakatoka, na bado Kenya ikapoteza mtu. Hiyo ni habari ya tetemeko lililokwisha kupiga, si utabiri, na ndiyo nataka ifike kwa kila nahodha haraka!

Kuna na habari ya setilaiti ya Wafaransa, DEMETER, iliyokuwa ikitafuta dalili za matetemeko toka angani, na mambo ya mawe kubanwa yakatoa umeme, lakini adhana iko karibu, hayo siku nyingine. Maswali, watu wa BMU, kamati ya wavuvi wa ufuoni, muanze.