Saa ya Hataza Imetundikwa Mumbai
(Mhadhara kwa wenye maduka ya dawa, Mwanza)

Asanteni. Najua wengi mmeacha maduka mikononi mwa vijana, kwa hiyo nitajitahidi kuwa mfupi.

Nina pakiti mbili hapa, nazipitisha mzishike. Zote ni dawa ya kushusha kolestro, miligramu 20. Moja ina jina la Lipitor, nyingine imeandikwa atorvastatin basi, yaani jina la dawa yenyewe. Mteja akifika dirishani anasema, "Nipe ile orijino, ya Kihindi sitaki." Mambo ya ubora leo nayaacha, hiyo ni kazi ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Mimi nauliza: hii ya pili ilikuwa wapi miaka yote?

Ilikuwa inasubiri hataza iishe, yaani ile haki ya mgunduzi kuitengeneza na kuiuza dawa peke yake. Marekani ilianza kuuzwa Novemba 2011.

Hataza ni miaka 20, lakini inahesabiwa tangu siku ya kuomba. Majaribio yanaweza kula karibu nusu yake kabla hata kidonge kimoja hakijauzwa. Ndiyo maana kampuni zinatafuta kila upenyo wa kuirefusha: hataza nyingine ya chumvi ya dawa (umbo la kikemia ambalo kiini cha dawa huwekwa), nyingine ya muundo wa kidonge, nyingine ya namna ya kuitumia.

Chukueni bedakwilini, ya TB sugu. Hataza yake kuu India ilikuwa inaisha tarehe 18 Julai 2023. Mwenye dawa, Johnson & Johnson, akaomba nyingine ya chumvi ya dawa hiyohiyo, ambayo ingemfikisha 2027. Waliompinga ni wanawake wawili waliopona TB, mmoja Mhindi, mwingine wa Afrika Kusini, na wote wawili matibabu ya zamani yaliwaondolea usikivu. Machi 2023 ofisi ya hataza ya Mumbai ikalikataa ombi. Miaka minne, jamani! Mgonjwa wa TB sugu hana miaka minne ya kusubiri.

Sasa mtu ataniuliza, India inatuhusu nini? Sisi tumo kwenye kundi la nchi maskini zaidi, na WTO, Shirika la Biashara Duniani, haitulazimishi kulinda hataza za dawa mpaka 1 Januari 2033. Ni kweli. Lakini ruhusa bila kiwanda ni sawa na leseni ya uvuvi bila mtumbwi. Dawa tunanunua, na nyingi tunanunua India.

Mpaka 2005 India ilikuwa inatoa hataza kwa njia ya kutengeneza dawa, siyo kwa dawa yenyewe. Ukipata njia yako, unatengeneza. Kwa mlango huo, Februari 2001 Cipla, kampuni ya dawa ya India, ikasema itatoa ARV za aina tatu kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, wakati zenye majina zilikuwa dola 10,000 na zaidi. Wa rika langu mnaikumbuka Mwanza ya wakati ule. Tulikuwa tunatoka msibani tunaingia msibani. Mlango ule ulifungwa 2005, na tangu hapo saa yetu imetundikwa Mumbai.

Lakini hata saa ikigonga, dawa haiji yenyewe. Wavuvi wa dagaa wanajua: mbalamwezi ikiwaka hawaingii ziwani, wanashona nyavu na kurekebisha taa, ili giza la kwanza liwakute tayari. Viwanda vya India vinafanya hivyohivyo. Sheria yao inaruhusu kuitengeneza na kuipima dawa kabla hataza haijaisha, mradi usiiuze. Kwetu wa kushona nyavu ni nani? Dawa isiyosajiliwa haiingii, na mwenye kiwanda akiona soko letu ni dogo, faili la usajili analiweka chini ya mafaili mengine. Kwa hiyo msambazaji akija dukani kwako, muulize hataza ya dawa fulani inaisha lini na nani ameshaomba usajili hapa. Akiulizwa na maduka hamsini ya Mwanza, atakwenda kutafuta jibu.

Naona Lipitor imerudi mezani. Ile nyingine iko kwa nani? Naomba irudi, ni ya mama yangu, anameza kimoja kila usiku.