Mĩcere Gĩthae Mũgo: Profesa Aliyejenga Jumuiya Ugenini

Wazee wetu, shikamooni. Walimu wenzangu, wanafunzi, na nyinyi ndugu mliosafiri kutoka mbali, asanteni sana kwa kufika.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya msomi mhamiaji aliyeitumikia jamii, nami nimemchagua Profesa Mĩcere Gĩthae Mũgo, aliyefariki Marekani tarehe 30 Juni 2023 akiwa na miaka 80. Mara nyingi anapotajwa, watu humgawa mafungu mawili: huku mshairi na profesa, huku mwanaharakati wa jamii aliyejitolea baada ya saa za kazi. Mimi sikubaliani na mgawanyo huo. Ninavyomsoma, ilikuwa kazi moja tangu mwanzo, na leo nataka tuifuate kazi hiyo mpaka Syracuse, kwenye theluji ya jimbo la New York.

Alizaliwa Baricho, Kirinyaga, nchini Kenya, mwaka 1942, mtoto wa walimu. Utoto wake uliangukia katika miaka ya hali ya hatari, wakati vita vya Mau Mau vikiendelea. Alisoma Alliance, kisha akawa miongoni mwa wasichana Waafrika wa kwanza kupokelewa katika shule ya Limuru, ambayo hapo awali ilikuwa ya Wazungu. Akahitimu Makerere mwaka 1966, akaenda Kanada, na mwaka 1973 akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha New Brunswick. Tasnifu yake iliwaweka waandishi Waafrika Chinua Achebe na Ngũgĩ wa Thiong'o upande mmoja, waandishi Wazungu Elspeth Huxley na Margaret Laurence upande mwingine, ikauliza kila mmoja wao anaiona Afrika gani.

Aliporudi Chuo Kikuu cha Nairobi alikuta moto umeshawashwa. Mwaka 1968 Ngũgĩ, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba walikuwa wamedai Idara ya Kiingereza ivunjwe, na fasihi ya Afrika, simulizi na andishi, ikae katikati ya masomo. Mwalimu Mĩcere, kama wengi walivyomwita, aliingia humo kwa nguvu zote. Baadaye akawa mwanamke wa kwanza kuongoza kitivo katika chuo kikuu nchini Kenya.

Pamoja na Ngũgĩ aliandika tamthilia ya mashtaka ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, ambayo sisi wasomaji wa Kiswahili tunaijua kwa jina la Mzalendo Kimathi. Ilichapishwa 1976, na Oktoba mwaka huohuo ikachezwa katika Jumba la Kitaifa la Michezo ya Kuigiza, Nairobi. Kimathi alikuwa amenyongwa katika gereza la Kamiti Februari 1957, hata miaka 20 haijapita, na ndani ya ukumbi walikuwemo watu walioyaishi mambo yale. Mchezo ulipokwisha, watazamaji waliungana na waigizaji wakacheza nao mpaka nje ya jumba. Na tusisahau kwamba anayebeba mapambano katika tamthilia hiyo, nje ya mahakama na gereza, ni mwanamke. Ameitwa Mwanamke tu, na ndiye anayewafunza kijana na msichana kazi ya ukombozi.

Sasa mwaka 1982. Juni ile Bunge liliifanya Kenya nchi ya chama kimoja kwa sheria. Wahadhiri walikuwa wakikamatwa mmoja baada ya mwingine: Willy Mutunga, Edward Oyugi, Maina wa Kinyatti, na Alamin Mazrui wetu, mwandishi wa Kilio cha Haki. Tarehe 1 Agosti likaja jaribio la mapinduzi, na chuo kikafungwa. Mwalimu Mĩcere akaondoka nchini na mabinti zake wawili, wote wadogo. Walipata hifadhi ya kwanza Chuo Kikuu cha St. Lawrence, mji wa Canton, karibu na mpaka wa Kanada. Serikali yake ikamvua uraia. Zimbabwe, iliyokuwa imepata uhuru 1980, ikampa wake, naye akafundisha Chuo Kikuu cha Zimbabwe tangu 1984 hadi 1991.

Hebu tutulie hapo kidogo. Wako wasomi wengi waliofukuzwa makwao, na wengine, kwa uchungu ninaouelewa, walijifungia vitabuni. Yeye katika miaka hiyo aliandika kitabu chembamba kuhusu fasihi simulizi na haki za binadamu, kilichotoka 1991 huko Lesotho. Anawachukua Wandia, watu wa kwao Kirinyaga, anachambua jinsi walivyosimulia hadithi na kuimba, na anasema dunia yao ilipangika kama maganda ya kitunguu, moja likilikumbatia jingine. Msimulizi hawezi kwenda peke yake. Asipoitikiwa, hadithi inasimama. Anayesikiliza ana haki ndani ya hadithi, na hapo ndipo Mwalimu anapoziona haki za binadamu zimelala. Hata mashairi yake hakupenda kuyasoma mbele ya watu walionyamaza, alitaka waitikie.

Naamini kitabu hicho ndicho ufunguo wa yote aliyoyafanya baadaye. Baada ya muda katika Chuo Kikuu cha Cornell, alifika Chuo Kikuu cha Syracuse mwaka 1993, akafundisha katika idara ya taaluma za Wamarekani Weusi hadi alipostaafu 2015. Fikirini ugumu wa nafasi ile. Mhamiaji kutoka Afrika anawafundisha watoto wa watu waliobebwa kwa nguvu, katika nchi ambamo Mwafrika mgeni na Mmarekani Mweusi mara nyingi hukaa mtaa mmoja wasijuane, na pengine wakatazamana kwa shaka. Syracuse pia ni mji uliopokea wakimbizi wengi: Wasomali, Wasudani, Wakongo, Warundi. Ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili wapo huko kwa wingi.

Mwalimu hakungoja chuo kimpe ruhusa. Alianzisha Pan African Community of Central New York ili makundi hayo yakutane kama ndugu, na akashiriki kuanzisha jumuiya ya wanawake wa Kiafrika, United Women of Africa Organization. Kwangu mimi huku ni kule kule kuitikiana kwa Kirinyaga, ila sasa anayeanzisha wimbo anaweza kuwa mama aliyeshuka kwenye ndege juzi. Profesa angeweza kuwasemea watu hawa na akasifiwa. Yeye alichagua kuwajengea mahali pa kujisemea, na kazi hiyo ni nzito zaidi, maana haikuongezei cheo.

Aliifanya akiwa mgonjwa. Saratani ya uboho aliishi nayo miaka mingi, na akamzika binti yake mmoja katika miaka hiyohiyo. Baada ya enzi ya Moi aliweza tena kuja Kenya kutoa mihadhara, na mwaka 2021 Royal African Society ya Uingereza ikamtunuku kwa mchango wa maisha yake katika fasihi.

Nina ombi kwa wenzangu wa idara za Kiswahili, kuanzia Nairobi hadi Dar es Salaam na Zanzibar. Mzalendo Kimathi tumeisoma, na wengi wetu tumeifundisha. Kile kitabu chembamba cha 1991 kinazungumzia ngano, nyimbo na maitikio ambayo tunayafundisha kila muhula. Naomba tukifasiri kwa Kiswahili fasaha, tukiweke katika orodha ya vitabu vya fasihi simulizi, na nakala zifike Syracuse pia, kwa wale mama wa Kikongo na Kirundi.