Mbavu, Mzinga na Mfupa Uliovunjika

Asanteni kwa kunikaribisha niongee juu ya neno "nguvu" na jinsi kamusi zinavyolieleza. Kabla sijafungua kamusi hata moja, naomba kila mmoja aguse mbavu zake. Guseni tu, hakuna anayewatazama. Hapo mlipogusa ndipo lilipotoka neno "mabavu". Ubavu, mbavu, ukizikuza zinakuwa mabavu. Kwa asili mtu wa mabavu ni mtu mwenye ubavu mpana, basi. Ubaya tunaousikia leo nadhani umeingizwa na waliokuwa na mabavu hayo.

Nimezipenda kamusi kongwe kwa sababu zinasahau kujificha. Fasili, yaani maelezo ya maana, ya neno "nguvu" huwa kimya kuhusu nani anamtenda nani. Mfano wa matumizi ndio unaomwaga mtama.

Mchukueni Samuel Johnson, aliyechapisha kamusi yake London mwaka 1755. Nomino ya Kiingereza ya nguvu, "force", ameipa maana sita. Anaanza na uwezo wa mwili, mara moja anaingia kwenye ukatili, kisha ubora wa kitu kinachofanya kazi, uhalali wa sheria, majeshi, na mwisho kabisa kudra: shuruti ambayo binadamu haikwepi. Tazameni mwendo huo, kutoka msuli wa mkono hadi majaliwa. Na mifano si yake. Alikuwa akiinukuu kutoka kwa washairi na waandishi wakubwa, kwa hiyo nguvu katika kamusi yake huwa mikononi mwa watu wa vitabuni.

Ukigeuka kwenye kitenzi, mambo yanakuwa mazito. Kuna kulazimisha, kusukuma, kuteka ngome kwa kuivamia. Na hapo hapo jirani, kwa maneno machache, kuna kumnajisi mtu kwa nguvu. Ngome na mwili wa mtu vimekaa mlango kwa mlango, na vyote viwili ni vitu vya "kuingiwa". Isitoshe, katika maana hiyo ya pili kitenzi kimefasiliwa kwa nomino yake yenyewe, sawa na kusema maji ni kitu chenye majimaji. Aliyetendewa hayumo kabisa, labda kama shamirisho, yule anayeangukiwa na kitenzi.

Sasa Noah Webster, Marekani, 1828. Alikuwa na miaka 70, na kamusi yake ilikuwa na maneno kama 70,000. Huyu alipenda kutunga mifano mwenyewe, na mimi humpenda kwa hilo. Wa kwanza unasema hivi: kwa nguvu za misuli tunainua mzigo, au tunapinga shambulio. Simameni hapo kidogo. Hakusema "tunashambulia". Mwenye msuli katika mfano huu ni mchukuzi, au mtu anayejitetea mlangoni pake. Maana ya nne, ile ya nguvu dhidi ya hiari ya mtu, inakuja na onyo: wenye kuteka nchi na wakumbuke kwamba kilichopatikana kwa nguvu, nguvu peke yake ndiyo itakayokishika. Hayo yaliandikwa miaka 45 baada ya mkataba wa 1783 uliokiri uhuru wa nchi yake. Sijui mwalimu wa fasili angesemaje, lakini hiyo si fasili. Ni mtu amepandwa na hamaki katikati ya kazi.

Kuna mahali amekosea, tena kosa tamu. Maana yake ya pili anaiita momenta, na anatoa mfano wa tufe la mzinga. Mwanafizikia atawaambia momenta ni tungamo, yaani kiasi cha maada, mara kasi. Nguvu ni kile kinachoibadilisha. Newton alikuwa ameshaliandika hilo mwaka 1687, miaka 141 kabla. Lakini ukisimama mbele ya mzinga, nani atakuambia tufe lile halina nguvu?

Upande wa Kiarabu kuna mzizi wa j-b-r, herufi tatu zinazozaa maneno, uliotupa sisi "jabari", mwenye nguvu, na "kujuburu", kulazimisha. Ibn Manzur, katika Lisan al-Arab, kamusi ya Kiarabu ya karne ya 13, anaeleza kuwa jabr ni kinyume cha kuvunja: ni kuunga mfupa. Ndipo pia ilipotoka aljebra ya mwanahisabati al-Khwarizmi, kurudisha kilichopungua. Mzizi huohuo una maana ya kumlazimisha mtu. Mnaona ajabu? Mimi siioni sana, maana mwunga mifupa huuvuta mguu huku mgonjwa akipiga kelele amwache.

Na "shuruti"? Ni ndugu wa "sharti", kipengele cha mapatano ya watu wawili waliokubaliana. Mmoja wao alipogeuka kuwa mkubwa, mapatano yakawa amri. Sisi tumeyatenganisha kwa irabu tu.

Nimalizie na "kani". Wataalamu wetu wameliteua liwe neno la fizikia, la kile kinachosukuma na kuvuta. Lakini mwenye Kiswahili akisema fulani ameshika kani, ana maana kwamba mtu huyo amekataa kusogea. Wapo wanaolalamika kuwa uteuzi ule ulikuwa mbaya. Nami huwajibu wafungue kitabu kile cha Newton cha 1687, fasili ya tatu, pale anapoutaja uwezo wa kila gimba, yaani kitu chochote chenye maada, kukataa kubadilishwa hali yake. Naye aliuita nguvu.