Nani Ana Ruhusa ya Kuvuta Kamba?

Ndugu mwenyekiti, mabibi na mabwana, nashukuru kwa kunialika. Walionisikia miaka iliyopita watatambua kwamba narudia jambo lile lile, na nitaendelea kulirudia hadi litendwe: wepesi wa shirika kubadilika hupimwa kwa umbali uliopo kati ya mtu anayeliona tatizo kwanza na mtu mwenye mamlaka ya kuliamulia. Umbali huo ukiwa ngazi tano, shirika ni zito, hata kama kuta zake zimejaa vikaratasi vya rangi na watu wake husimama duara kila asubuhi kuelezana walichofanya jana.

Sitarudia historia ya Agile Manifesto, yaani tamko la wepesi kazini la wataalamu 17 wa programu za kompyuta waliokutana Snowbird, Utah, nchini Marekani, mwezi Februari 2001, kwa kuwa mnaifahamu. Naomba tu mkumbuke kwamba tamko lile lilianza kwa kuwatanguliza watu na maelewano yao mbele ya taratibu na zana. Sisi tumenunua zana, tumeandika taratibu, na watu tumewaacha pale pale walipokuwa. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Mfano wangu wa siku zote ni kiwanda cha magari cha Fremont, California, ambacho General Motors ilikifunga mwaka 1982 kikiwa na sifa mbaya ya utoro, migogoro na magari yenye kasoro. Mwaka 1984 kilifunguliwa upya kwa ubia wa General Motors na Toyota, kikaitwa NUMMI. Hapa naomba msikilize kwa makini, kwa sababu wengi huusimulia mfano huu wakakiacha kiini chake: sehemu kubwa ya walioajiriwa walikuwa wafanyakazi wale wale wa zamani, wakiwakilishwa na chama kile kile cha wafanyakazi. Mamia kati yao walipelekwa Japani kujifunza. Kufikia mwaka 1986 ubora wa magari yao ulikaribia ule wa kiwanda cha Toyota cha Takaoka, na utoro ulikuwa umeshuka mno.

Ni nini kilichobadilika, ikiwa watu hawakubadilika? Mengi, lakini mimi nashikilia moja. Kando ya mstari wa kuunganishia magari palikuwa na kamba. Zamani, kuusimamisha mstari lilikuwa kosa kubwa kuliko kuiacha kasoro ipite, hivyo magari mabovu yalifika mwisho wa mstari na kurekebishwa baadaye kwa gharama kubwa. Sasa mfanyakazi yeyote aliyeona bolti isiyokaza aliivuta kamba, taa ikawaka, na kiongozi wa timu akaja kumsaidia. Tatizo likitatuliwa kabla gari halijavuka kituo kile, kazi iliendelea. Lisipotatuliwa, mstari ulisimama. Wazo hili lina mizizi mirefu, kwani mtambo wa kufumia nguo wa mwaka 1924 wa Sakichi Toyoda, mvumbuzi wa Japani ambaye ukoo wake ndio ulioanzisha Toyota, ulijisimamisha wenyewe uzi ulipokatika, ili kitambaa kibovu kisiendelee kufumwa.

Najua kuna anayesema moyoni kwamba wafanyakazi wake wakipewa ruhusa hiyo watavuta kamba ovyo. Pingamizi hili nimelijibu mara nyingi, na nakiri kwamba uvumilivu wangu juu yake umepungua. Kamba haikumpa mtu uhuru wa kufanya apendavyo. Kila kazi pale ilikuwa na utaratibu ulioandikwa hatua kwa hatua, na timu zenyewe zilishiriki kuuandika na kuuboresha; kwa kuwa utaratibu ulikuwa wazi, kila kilichokwenda kombo kilionekana mara moja. Na tusiogope taarifa nyingi za makosa. Mtafiti wa uongozi Amy Edmondson, alipochunguza timu za hospitali katika miaka ya 1990, aligundua kwamba timu zenye uongozi mzuri zaidi ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi, kwa sababu watu wake hawakuogopa kuyasema. Meneja asiyesikia kasoro yoyote kwa mwezi mzima ndiye anayepaswa kukosa usingizi.

Wengine wataniambia kwamba hayo ni ya viwandani, na wao ni watu wa ofisini. Katika shirika moja nililowahi kulishauri, mhudumu wa simu alibaini siku ya kwanza kabisa kwamba fomu mpya ya mtandaoni ilikataa majina yenye ritifaa. Akamwandikia msimamizi wake, msimamizi akamwandikia mkuu wa kitengo, na mkuu wa kitengo akasubiri kikao cha mwezi, ambacho nacho kiliahirishwa. Mtaalamu wa programu alipofikiwa, alirekebisha kasoro ile kwa muda usiofika saa moja. Lakini taarifa ilikuwa imesafiri wiki saba kumfikia, na kwa wiki zote hizo wateja walikuwa wakikataliwa majina yao wenyewe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyekilalia alikuwa amesema, na hakuwa na kamba ya kuvuta.

Muda wangu unakwisha, nami bado nina karatasi nne. Kuhusu ukubwa wa timu, hesabuni tu: watu 5 wana jozi 10 za watu wanaopaswa kuelewana, watu 12 wana jozi 66, hivyo timu ndogo huelewana kwa wepesi zaidi. Kuhusu wingi wa kazi, timu inayomaliza kazi 5 kwa wiki huku ikiwa imefungua kazi 40 itamchelewesha kila anayeiletea kazi kwa wastani wa wiki 8, na kuihimiza iongeze bidii hakutaifuta hesabu hiyo. Inayopaswa kupunguzwa ni idadi ya kazi zilizofunguliwa. Kuhusu ujuzi unaoshikwa na mtu mmoja tu, mpeni mwenzake wa kujifunza naye kuanzia wiki hii, kabla hajaumwa au kuhama. Suala la bajeti za mwaka mzima, zinazozifunga timu kwenye mipango iliyokwisha kupitwa na wakati, ninaliacha, kwa kuwa mwenyekiti ananiashiria.

Nitapokea maswali, nikianza na wanaosimamia huduma kwa wateja. Kabla hujauliza, tafadhali tutajie ni nani katika timu yako anayeweza kusimamisha kazi leo bila kuomba ruhusa.