Sauti kwanza, faili baadae: mazungumzo ya barazani Lamu kuhusu kuchoma CD

Assalamu alaykum jamani. Waliosimama huko nyuma songeeni, nafasi ipo. Wengi wenu mshanisikia nikilisema neno hili, kwenye harusi, kwenye maulidi, hata ndani ya boti ya Mokowe, na leo nalirudia kwa sababu juzi nimeletewa tena CD iliyochomwa, yaani iliyoandikwa nyimbo kwa kompyuta, vilevile nilivyokataza. CD moja yaweza kubeba nyimbo za kupigwa kwenye redio na pia faili za MP3 za kutia kwenye simu, zote pamoja, ila sauti itangulie na faili zifuate. Sauti kwanza!

Nilijifunza kwa uchungu. Tulirekodi kasida za harusi ya kwetu, bwana harusi akaniambia ami, nataka CD ambayo bibi ataisikiliza kwa redio yake na sisi vijana tutoe nyimbo tutie kwenye simu. Wazo zuri sana. Tulitaka kopi nyingi kwa hiyo kazi tukaipeleka duka moja huko Mombasa, zikarudi zimepangwa vizuri na picha ya bwana na bibi harusi juu yake. Bibi akafunua kile kitambaa anachofunikia redio yake, akaitia CD, akabonyeza, akakaa na tasbihi yake mkononi kungoja kasida. Haikutoka kasida. Ikatoka kelele kama mtu anakaanga samaki ndani ya spika, tena volyumu iko juu kabisa maana bibi masikio yamechoka, paka akaruka dirishani, na bibi amenikodolea macho, "Mwanangu, hini ni nini?" Mimi sina jibu, nakimbilia kuchomoa waya ukutani. Spika ya kulia inakwaruza mpaka leo. Nikimtembelea naisikia.

Ilikuwaje? Wale jamaa walitia faili kwenye trak ya kwanza, yaani fungu la kwanza la diski, nyimbo zikaanzia trak ya pili. Sasa deki ya CD kazi yake ni moja, tangu Philips na Sony waweke kanuni zake 1980: inasoma namba 44,100 kila sekunde kwa spika ya kushoto na 44,100 kwa ya kulia, inazigeuza kuwa sauti basi. Ukiipa faili inazisoma zile namba kama sauti, ndio ile kelele. Deki za baadae zinaona alama kwamba hii ni data zinanyamaza, lakini kuna za zamani haziangalii alama, na za zamani ndizo ziko kwa mama zetu.

Dawa yake ipo tangu 1995, inaitwa CD Extra. Diski inagawanywa sesheni mbili, yaani inaandikwa kwa awamu mbili, ya kwanza sauti tupu, ya pili faili. Fikiria nyumba ya Kiamu, mgeni anakaa dakani, anakunywa kahawa yake na kuondoka, hajui huko ndani kuna nini. Deki ndiye mgeni wa dakani, inasoma sesheni ya kwanza inaishia hapo. Kompyuta ni mtu wa nyumbani, inapita mpaka ndani inakuta folda la nyimbo.

Mnapochoma sesheni ya sauti MSIFUNGE diski, yaani msiizuie isiandikwe tena. Programu itakuuliza, wewe iache wazi, kisha choma faili kama sesheni ya pili, hapo ndio ufunge. Ukiifunga mwanzo imekwisha hiyo, tia kando chukua nyingine. Na sesheni ya sauti iandikwe nzima kwa mpigo, sio trak moja moja, maana trak moja moja mara nyingi inaacha ukimya wa sekunde 2 katikati. Kwenye maulidi matari hayanyamazi, ukikata sekunde mbili kila msikilizaji atageuka kuangalia redio.

Kuna atakayesema ami nafasi haitoshi. Inatosha, piga hesabu! Diski ya dakika 80, nyimbo 12 za dakika nne nne ni dakika 48. Kufungua sesheni ya pili kunakula kama dakika mbili na nusu. Unabaki na kama megabaiti 250 hivi, na nyimbo zote hizo kwa MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde ni kama megabaiti 115. Ila kama ni maulidi ya dakika 65 hiyo 320 haiingii, shuka 192.

Mwengine atasema nani ana CD siku hizi, kila mtu ana simu. Haya, nenda nyumba yoyote ya Pate au Siyu uone wazee wanasikiliza kwa nini. Na hiyo nyimbo ya simuni ikisharushwa simu hadi simu mara tatu inakuwa "audio 0047", hakuna ajuaye tena nani kaimba, sauti ya mtu aliyekwisha kufa haina hata jina. Linaniuma sana hilo. Andikeni majina ndani ya faili, mwimbaji, mahali, mwaka.

Lingine haraka, msichome sesheni ya sauti kutokana na MP3. MP3 ni tui jepesi, ukishatia maji huwezi kulirudisha tui la kwanza. Anzeni na WAV, faili ya sauti isiyobanwa, ya rekodi yenyewe, na kama kamera ilirekodi kwa namba 48,000 kila sekunde ibadilisheni iwe 44,100. CD msiziache juani. Mambo ya flashi nilitaka kuyasema ila naona adhana imekaribia.

Nani amekuja na laptopu yenye mlango wa CD? Wewe, ilete hapa mbele. Nina diski tatu tupu, tuchome moja sote tukiangalia.